Dumu la Mai

Jumamosi asubuhi Nzigire alifungua bomba la bafuni, akasubiri maji yapungue rangi, nayo hayakupungua. Yalitoka ya hudhurungi, yenye harufu ya misumari, kama yalivyotoka tangu wahamie jengo lile la mji wa Columbus, huku ughaibuni, upande wa kwenda Westerville. Mwanawe Gloire, msichana wa miaka minne, alisimama mlangoni na taulo lake akakataa kuingia. Alikuwa na vidonda vyekundu kwenye viwiko na nyuma ya magoti, na kila alipooga maji yale alilia mpaka majirani wakagonga ukuta. Usiku alijikuna badala ya kulala. Daktari alimpa mafuta ya kupaka na kushauri maji safi.

Meneja wa jengo alikuwa mtu mpole sana. Kila Nzigire alipompigia simu alijibiwa kwamba bomba hilo liko kwenye mpango, na danadana hizo alikuwa akipigwa tangu majira ya baridi. Nzigire alikuwa na hasira, na kwa kuwa hasira haikumpatia maji, alikwenda nayo kazini.

Kazini, katika ghala la viatu, alifunga maboksi pamoja na Dilmaya, mama wa Kinepali aliyeishi kambi ya wakimbizi miaka mingi kama yeye. Walizungumza Kiingereza cha ghalani, chenye maneno machache na vidole vingi. Dilmaya alipoonyeshwa picha ya mikono ya Gloire kwenye simu alisikitika, akasema kesho waende wote kwa Mai, kando ya mto. Mai anasaidia watoto.

Kwa akina Dilmaya, Mai ni mama, mungu wa kike wa mto. Kwa mtu wa Bukavu kama Nzigire, mai ni maji. Kwa hiyo Jumapili, baada ya ibada ya kanisani kwao, Nzigire alimvalisha Gloire koti, akachukua dumu la njano lililokuwa la mafuta ya kupikia, na kwa kuwa kifuniko chake kilipotea, akaliziba kwa kiazi, kama walivyofanya kwao.

Hekalu alikopelekwa na Dilmaya hapo zamani lilikuwa duka la matairi. Mlangoni kulikuwa na rundo la viatu vya mahujaji waliotoka miji ya mbali, Louisville na Buffalo, vingi vikiwa buti za kazi. Nzigire akavua vyake. Ndani watu walibeba vyungu vidogo vya shaba vinavyoenea kiganjani, na hapo ndipo alipong'amua kwamba ameletwa kwa mungu wa watu. Aliona haya. Kuhani alilitazama dumu, akampaka Gloire rangi nyekundu kwenye paji la uso, kisha akawaonyesha mlango wa nyuma.

Mai mwenyewe alikuwa ameketi ukingoni, nyuma ya maegesho ya magari, na shada la maua ya manjano shingoni, miguu majini. Alikuwa na mikono mingi na yote ilikuwa na kazi. Alipoliona dumu aliisogeza miguu ili lipate nafasi.

"Mutoto njo uyu?" aliuliza, kwa Kiswahili cha Bukavu chenye lafudhi kidogo.

"Njo yeye, mama."

"Chota. Halafu ufunge muzuri."

"Kifuniko kilipotea, mama. Niko na kiazi tu."

Mai alikitazama kiazi. "Bon," alisema, kana kwamba kinatosha.

Kiazi kiliruka jioni ile ile, Nzigire akiwa anasonga ugali. Mto ukatoka kwenye dumu, ukapita koridoni, ukashuka ngazi taratibu, ukavuka maegesho na kuishia mtaroni. Ulikuwa safi, wa kufika magotini, na ulikuwa na samaki wadogo. Majirani walikunja suruali na kuendelea na shughuli zao. Gloire aliketi katikati ya maji na nguo zake, akampa mama kikombe.

"Again," alisema, na Nzigire akammwagia tena na tena.

Usiku huo mtoto hakujikuna. Nzigire alikaa kando ya kitanda akamsikiliza akikoroma, akalia yeye, kwa raha tupu, mpaka usingizi ukampitia.

Katikati ya wiki alikuja Pasta Hyacinthe wa kanisa lao, viatu mkononi, uso umekunjamana.

"Mama Gloire, batu wanasema ulienda kwa miungu."

"Nilienda kuchota mai, Pasta. Mwenyewe nilimukuta pale."

Pasta alichovya mwavuli wake mtoni kupima kina, akafikiri. "Donc, basi, kwa ngazi ya chini, inafika ku kiuno?"

Ilifika. Jumapili alibatiza waumini pale. Mabibi wa Kinepali, walioanza kuja kumtolea Mai maua pale, waliombwa waweke maua yao upande ambao maji yanaelekea, ili yasipite katikati ya ubatizo, nao walikubali.

Mwishowe meneja naye akaja, amevaa buti za mpira. Nzigire alifurahi, sasa angejionea mwenyewe. Alimwingiza bafuni akafungua bomba, na maji ya hudhurungi yakadondokea mtoni. Mto uliyakwepa. Meneja alisema kwa upole kwamba bomba liko kwenye mpango, kisha akatoka koridoni na kuupiga mto picha nyingi. Baada ya siku chache kibao kipya kilisimama barabarani chenye picha ya bata: Makazi ya Kando ya Mto. Bomba halikuguswa.

Mwezi huo huo mwanamke wa Kirundi alipiga hodi, mtoto mgongoni. Alikuwa Kostansia, aliyehamia chini na familia yake.

"Samahani, dada. Tulikiona kile kibao tukapapenda. Mbona bomba letu linatoa maji kama chai? Mtoto ameanza kuwashwa. Kwenu je?"

"Kwetu ni vile vile."

"Mwenye nyumba anajua?"

"Anajua. Anasema iko mu mpango."

Gloire alikuwa akikimbiza samaki koridoni, viwiko vyake laini kama vya siku aliyozaliwa. Nzigire alikuwa ameketi ukingoni, kwenye kizingiti cha mlango wake, miguu majini. Aliisogeza ili mtoto wa Kostansia apate nafasi.

"Mulete," alisema.