Diski ya Bwana Manunuzi

Laptopu yangu ilikuwa imelala kifudifudi juu ya meza ya chakula, mgongo wazi, skrubu zake zimekusanywa ndani ya kifuniko cha chupa. Mume wangu alikuwa ameiinamia na rula mkononi.

"Usipitishe sahani hapo," aliniambia bila kuinua kichwa.

Basi tukala tumepakata sahani: mimi, wifi yangu, na jirani yetu mshonaji ambaye alikuja kuazima mkasi na, kama ilivyo kawaida ya nyumba yangu, akasahau kuondoka.

"Bwana Manunuzi," wifi alimwambia kaka yake, "hiyo diski unanunua au unaposa?"

Mshonaji alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Ilikuwa wiki ya tatu. Diski ya zamani ilianza kwa kugongagonga ndani kwa ndani, kama kucha juu ya bati, halafu asubuhi moja skrini ikabaki nyeusi. Kazi za wateja nilikuwa nazo kwenye flashi, kwa hiyo sikulilia vilivyomo. Nililia kibanda changu cha kuchapa. Ninachapa barua za kuomba kazi, kadi za mialiko, mitihani ya walimu. Na printa isiyo na kompyuta ni kitu cha kulalia paka. Fundi aliyeifungua aliliona jambo jepesi kabisa: "Mama, leteni diski nyingine, nitaifunga hapo hapo mkiangalia." Nami nikamgeukia mume wangu, nikatamka neno ambalo mke yeyote angelitamka bila kufikiri: "Hebu nichagulie."

Nilijitia kitanzi mwenyewe.

Kwa miaka mingi mume wangu alikuwa mtu wa manunuzi katika kiwanda cha magodoro. Hakuna kilichoingia pale, kuanzia sponji hadi majani ya chai, kabla yeye hajakipitisha. Alikuwa na utaratibu wake: wauzaji watatu, bei tatu, na wote wanaulizwa maswali yale yale. Kisha kiwanda kikapata mwenye mali mpya, na mwenye mali mpya akaja na shemeji yake wa kununua vitu. Tangu hapo mume wangu alikuwa mtu wa dirishani. Watu wakimsalimu wakipita, anajibu, "Tupo." Nyumba yangu haikosi wageni, lakini yeye alikuwa ndani yake kama koti lililosahauliwa nyuma ya mlango. Hata nyanya nilikuwa nanunua mwenyewe, maana nilikuwa na haraka.

Sasa nilikuwa nimempa kitu cha kununua, naye akakishika kwa mikono miwili.

Muuzaji wa kwanza, mume wangu alimkataa kwa sababu aliuma maneno kuhusu dhamana. Wa pili alimsifu siku nzima, halafu akagundua kwamba diski yake ni nene, haitaingia kwenye nafasi. Akaanza upya. Akanieleza, akatueleza wote, kwamba diski ya kuzunguka inakupa nafasi kubwa lakini inachoka na haipendi kuangushwa, na kwamba ile isiyozunguka ina kasi, ila kwa bei hiyo hiyo unapata nusu ya nafasi.

"Baba, yoyote," nilimwambia. "Yoyote, mradi iwake."

"Yoyote si kipimo," akanijibu, akarudi kwenye rula yake.

Huku nyuma, mwalimu aliyekuwa mteja wangu tangu nifungue kibanda alivuka barabara na mitihani yake. Alinipungia mkono mmoja, na ule mwingine, wenye karatasi, ameuficha mgongoni, kama kijana anayemficha mama yake sigara. Haikupita muda, mwenye kibanda cha ng'ambo akaja kunipa pole, sauti imejaa sukari: "Pole jirani, nasikia bado mnachagua."

Bado mnachagua! Nilifunga kibanda adhuhuri, nikaenda mtaa wa vifaa vya umeme, nikaingia duka la kwanza. Muuzaji, mtu mnene mwenye penseli sikioni, aliuliza aina ya laptopu, akaniwekea mezani kidude chembamba, chepesi kama kipande cha sabuni kilichokwisha. Nilimuuliza swali moja tu: itawaka?

"Dada, hii itawaka mpaka uizime kwa fimbo."

Nikalipa. Kabla hajanipa chenji nilishajua kwamba mwenye duka anaoa tena, na kwamba watoto wa kwanza hawataki kusikia. Hivyo ndivyo watu wanavyonunua vitu, nilijisemea njiani, na maneno ya kumwambia mume wangu nilikuwa nimeshayanoa yote.

Nilipofika mlangoni nikasikia sauti.

"Hapana, ndugu yangu. Bei ya kwenye simu si bei. Dhamana utaniandikia, na ikifa ndani ya mwaka mmoja unabadilisha, hutengenezi. Tumeelewana?"

Ilikuwa sauti ya kiwandani. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Nikaingia taratibu, viatu mkononi. Sebule imejaa: wifi, mshonaji na majirani wengine wawili, wote kimya, jambo ambalo nyumbani kwangu halitokei. Yeye amesimama katikati, amevaa shati lililopigwa pasi, kwa ajili ya mtu aliye upande wa pili wa simu. Aliponiona akaziba simu kwa kiganja.

"Kazi zako zinaongezeka kiasi gani kwa mwaka? Fikiri vizuri, usiniambie tu."

Nikafikiri. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kana kwamba mimi ndiye kiwanda.

Nilikwenda jikoni nikaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Wifi akanifuata, maana yule huwa ananusa mambo kabla hayajaiva. Nikamfungulia mkoba. Akaona boksi, akashika mdomo.

"Unampa?"

"Nampa sasa hivi."

"Wifi, nakuomba."

"Na kibanda changu je? Kesho na mialiko itavuka barabara."

"Najua," akasema. "Nakuomba tu."

Sauti ya mume wangu ilikuwa inatufikia kupitia ukutani, inacheka kicheko kifupi cha mtu anayejua kwamba muuzaji anakaribia kulegea. Nikafunga zipu ya mkoba. Sijawahi kufunga zipu kwa hasira namna ile.

Jumamosi akatangaza kwamba ameshaamua, twende wote. Na katika maduka yote ya mtaa ule, akanipeleka kule kule. Mtu wa penseli aliponiona akafungua mdomo.

"Da—"

Nikamtolea macho. Watu waliolelewa na mtaa huelewa macho.

"Karibu mzee. Karibu mama. Ndiyo mara ya kwanza kufika kwetu?"

"Ya kwanza," nikasema.

Mume wangu akauliza yote aliyouliza kwa simu, mara ya pili. Akaomba diski ichomekwe kwenye kompyuta ya duka aione kwa macho yake. Foleni ikajengeka nyuma yetu, mtu akasonya, yeye hata hakugeuka. Mwishowe akaweka kidole juu ya boksi moja.

"Hii."

Ilikuwa ile ile. Kampuni ile, ukubwa ule, hata boksi. Pacha wake alikuwa ndani ya mkoba, ananigusa ubavu. Muuzaji akakohoa, akaangalia dari, na mume wangu akamshusha bei hadi nikajiona mjinga. Baadaye, nilipokwenda peke yangu kurudisha yangu, mtu wa penseli aliipokea, akakata pesa kidogo, "ya kufumba mdomo, dada."

Ile ya mume wangu fundi aliifunga alasiri ya Jumamosi ile ile, na laptopu ikawaka. Mwalimu hakurudi. Mpaka leo ananipungia mkono kutoka ng'ambo, naye sasa hafichi kitu.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele yetu. Wakati ule tulikuwa tunatoka dukani, na mume wangu alikuwa amebeba boksi mwenyewe, anatembea mbele kidogo, anawasalimu watu kabla hawajamsalimu. Akapunguza mwendo ili nimfikie.

"Kile kiti chako cha kibandani," akasema, "kinakuua mgongo. Nimekuwa nikikuangalia unavyokaa. Kitupe, na Jumatatu naanza kukuulizia kingine."

Nikaona wiki ngapi sijui za kuchapa nimesimama, na yule wa ng'ambo akija tena na pole zake.

"Ulizia," nikamwambia, meno yakiwa yameumana. "Ulizia, mume wangu."