Chupa ya Kifuniko Chekundu

Chupa ya kifuniko chekundu ilikuwa inapungua haraka mno. Daktari aliipima mara mbili kwenye mizani, akairudisha kwenye friji ya maabara, kisha akamtupia jicho mtunza panya aliyekuwa akibadilisha maranda vizimbani.

Chupani mlikuwa na mafuta ya vitamini E, ya kukinga seli za ubongo na sumu zinazozalishwa na mwili wenyewe. Panya wote chumbani walizaliwa na kasoro ya kurithi iliyowafanya wawe wazito wa kuelewa. Kila asubuhi nusu yao walipewa tone la dawa hiyo, na nusu nyingine tone la mafuta ya kawaida, ili walinganishwe.

Mtunza panya alikuwa mama mcheshi aliyewaita panya "wapangaji wangu wasiolipa." Nyumbani aliishi na mdogo wake wa kiume, mtu mzima wa miaka thelathini ambaye bado alifungwa vifungo vya shati. Kasoro yake ni ile ile ya panya. Daktari alilijua hilo, ndiyo maana roho haikumtulia. Alishuku: huyu mama anampelekea mdogo wake dawa ambayo haijajaribiwa kwa binadamu!

Siku moja mama alipotoka kidogo, daktari aliupekua mkoba wake: kitana, funguo, nusu mkate. Aliona haya, lakini kesho yake akaupekua tena.

Wiki ya nne walipima kumbukumbu. Panya aliwekewa kijiko alichokwisha kukizoea, na gololi asiyoijua. Anayekumbuka hukimbilia kile kigeni akinuse. Asiyekumbuka hunusa vyote sawasawa. Waliopewa dawa waliikimbilia gololi. Daktari akatabasamu. Wakaletwa wa mafuta ya kawaida, nao, wanane kati ya kumi, wakaikimbilia. Tabasamu likamkauka.

Akafunga mlango. "Mama, niambie kweli. Unampa mdogo wako hii dawa?"

"Nimpe mtu dawa ya panya? Nimerukwa na akili?"

"Sasa inakwenda wapi?"

Mama aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Nawapa hawa wanaonyimwa," alisema taratibu. "Nikiwatazama namwona yeye. Nilishindwa kuwanyima, daktari."

Kazi ya mwezi mzima ilikuwa imekwenda na maji. Daktari alitaka kufoka, kisha akaukumbuka ule mkoba.

"Nilipekua mkoba wako," alisema hatimaye.

"Najua. Uliacha zipu wazi."

Walianza upya na panya wengine. Mama alibaki kazini, ila matone aliyatoa daktari mwenyewe. Safari hii wa mafuta ya kawaida walinusa vyote sawasawa. Wa dawa, wengi wao, waliikimbilia gololi.

"Watu watapewa lini?" mama aliuliza.

"Sijui. Huenda miaka mingi. Huenda isiwafae kabisa."

Mama aliitikia kwa kichwa, akaenda kunawa mikono.