Kilomita Zilizobaki

Tarakimu za kijani ziliwaka kwenye kioo kidogo chini ya redio, na Masalu akazitazama kama mzazi anayemtazama mwanawe akijibu swali mbele ya wageni. Alibonyeza kitufe: wastani wa mwendo. Akabonyeza tena: joto la nje. Mara ya tatu ikaja hesabu aliyoipenda kuliko zote, kilomita ambazo mafuta yaliyobaki yangewafikisha.

"Mia moja na arobaini," alisema. "Lamadi tunafika na kuzidi."

Agutu, mkewe, aliitazama simu yake. Asubuhi ile kaka yake, Okech, alikuwa amepiga simu kutoka Lamadi: mama yao hali wala hanywi tena, na kila akizinduka anamuulizia Agutu. Agutu alitaka akapande basi stendi ya Buzuruga. Masalu akakataa katakata. Kwa nini wasimame kila kituo na gari lipo?

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, jekundu, la milango miwili, la zamani kuliko ndoa yao. Masalu alilinunua kwa mhandisi wa mgodini aliyekuwa akirejea kwao, likiwa limekufa. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, Masalu alilala chini yake uani kwao Kiseke. Mshale wa mafuta haukupona kamwe. Kompyuta ya kwenye kioo kile ilipona, na siku ilipowaka, Masalu alilia. Agutu hakuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, hata walipomzika mtoto wao wa kwanza.

"Baba Favour," alisema walipoikaribia sheli, "tuongeze mafuta kidogo."

"Foleni ile huioni? Hii inapima kila tone. Mimi na wewe tunakisia tu."

Agutu akageukia dirisha, kama alivyozoea.

Waliipita Kisesa, wakaiacha Magu nyuma. Ziwa lilichungulia kushoto, la kijivu, likapotea tena nyuma ya mashamba ya mpunga. Ndipo injini ikakohoa, ikatetemeka, ikazima. Gari lilijikokota hadi pembeni ya barabara. Kioo bado kilisema kilomita themanini.

"Mafuta yapo," alisema Masalu, akafungua boneti. Akachomoa waya huu, akausafisha ule, akarudi ndani kubonyeza kitufe, akatoka tena. Jua lilipanda. Simu ya Agutu ikaita.

"Mko wapi, dada?" aliuliza Okech.

"Tumekaribia."

"Fanyeni haraka."

Alimtazama mumewe aliyeinama, mgongo wake umelowa jasho, akaelewa kwamba alikuwa radhi kuinama pale mpaka jioni kuliko kukiri kuwa tangi ni kavu. Hakumuaga. Alisimama barabarani akapunga mkono, lori la barafu likasimama, akapanda.

Vilio vya wanawake vilimpokea kabla hajafika kwenye uzio wa kwa mama yake. Okech alimshika bega. "Ametuacha sasa hivi," alisema. Agutu aliingia, akapiga magoti, akaushika mkono wa mama yake. Ulikuwa na joto bado. Hakuuachia mpaka ulipopoa.

Masalu alifika alasiri, mikono imejaa oili. Alimkuta mkewe ameketi mkekani kati ya shangazi zake, akachuchumaa mbele yake.

"Ni kile chombo cha ndani ya tangi," alisema kwa sauti ya chini. "Kilikuwa kimekwama, kikaipa habari za uongo. Kompyuta yenyewe ni nzima."

Agutu alisubiri neno lingine. Masalu alifuta mikono kwenye suruali, akanyanyuka, akaenda kukaa na wanaume.

Watu walipouliza safari ilikuwaje, Agutu alijibu kwamba gari liliharibika. Hakuongeza kitu. Hakutaka mtu yeyote amsaidie kukasirika.

Siku iliyofuata mazishi, Masalu alilisogeza gari mpaka mlangoni. "Twende, Mama Favour. Kazi zinatusubiri."

"Tangulia."

"Utakuja lini?"

Zamani angetafuta upesi jibu la kumtuliza. Sasa alisimama tu, akiwaangalia kuku wa marehemu waliokuwa wakizunguka jikoni, wakiingia na kutoka, wakimtafuta mtu. Alichota mahindi kwenye debe, akawamwagia kidogo kidogo. Nyuma yake gari lilinguruma kwa muda mrefu bila kuondoka.