Mzee wa Akiba na Glovu za Wimmer

Simu ilipolia, Ezell Fontenot alikuwa anakaanga bata mzinga mzimamzima nyuma ya nyumba yake huko Louisiana, kwenye sufuria ambalo majirani wanaapa lilikuwa boya la meli kabla halijatiwa mikono. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, kilo mia moja ishirini na tano, na magoti mawili yasiyosemezana: la kushoto lilitabiri mvua, la kulia lilitabiri daktari.

Kwa misimu kumi na minne kazi yake katika mpira wa Kimarekani ilikuwa moja tu. Mpira ukianzishwa, achomoke, alipite jitu lililowekwa kumzuia, amfikie mrushaji wa timu pinzani na kumlaza chini kabla mpira haujatoka mkononi. Watu wa aina hiyo huitwa wavamizi, na Ezell alikuwa mvamizi aliyewahi kutisha. Alishalaza warushaji themanini na tisa. Mmoja wao, kwa maelezo yake mwenyewe, alilala siku mbili akaamka anaongea Kifaransa. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Misimu kumi na minne, timu nne, na hajawahi kucheza hata mechi moja ya mtoano. Kila Januari wenzake waliingia uwanjani, yeye akaingia kwenye kochi. Na msimu huu hakuna timu hata moja iliyomwita.

Aliipokea simu kwa mkono wenye mafuta.

"Fontenot? Sundby hapa, Duluth. Unafanya nini?"

Halvor Sundby alikuwa kocha mkuu wa Wakatambao, timu ya mji wa Duluth kule kaskazini, mtu wa asili ya Norwe aliyeongea kana kwamba maneno yanauzwa ghali.

"Nakaanga bata, kocha."

"Mwache. Wavamizi wangu wawili wamevunjika. Nimebaki na Marquel peke yake, na Marquel si punda. Nataka mtu wa akiba."

"Wa akiba kivipi?"

"Unakaa benchi na blanketi. Marquel akiishiwa pumzi, unaingia dakika tatu, hufi, unatoka."

"Hilo la kutokufa limo kwenye mkataba?"

"Wanasheria wanaliangalia," alisema Sundby, akakata simu.

Verna, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni akisikia kila neno. Siku zote alimwita "mpenzi". Akimwita kwa jina la ukoo, mbwa wenyewe walihama uani.

"Fontenot."

"Ni wiki tano tu, mpenzi. Wana nafasi ya mtoano, hawa. Nafasi ya kweli."

"Mwaka juzi ulisema hivyohivyo. Mwaka jana ulisema hivyohivyo ukiwa na magongo." Alimtazama bata, akamtazama mume. "Nenda. Lakini hii ndiyo ya mwisho. Ukirudi hapa bila kucheza huo mtoano, viatu vyako navipandia pilipili. Cha kulia pilipili, cha kushoto vitunguu. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Na bata anaungua."

Baridi ya Duluth si ya kusimuliwa kwa mtu mwenye shughuli zake. Siku Ezell aliposhuka, ziwa lilikuwa limeganda hata samaki walipanga foleni kwenye matundu ya wavuvi ili wavuliwe, wapate kuona moto. Kalamu ya mkataba iligoma kutoa wino. Kocha Sundby aliitia kwapani, akasubiri kimya akitazama dirishani, akaitoa. Ezell akasaini, na mkataba ule mpaka leo ukifunguliwa unanukia jasho la Kinorwe.

Sasa, pale kaskazini pana desturi ambayo haikuandikwa popote na haivunjwi na yeyote. Watu wa mstari wa mbele, wale majitu wanaogongana vichwa kila mpira unapoanzishwa, hucheza mikono wazi. Theluji inyeshe, ziwa lipasuke, wao hujipaka mafuta ya mgando mikononi, basi. Anayefunika mikono hasemwi siku hiyo tu. Husemwa mpaka kwenye harusi ya bintiye.

Ezell alitokea mazoezini na fulana tatu, sweta, mikono mirefu miwili ya kitambaa na kofia ya sufu iliyomwacha macho tu. Wakatambao walisimama kumtazama kama gari la zimamoto.

"Babu," akasema Marquel Pettway, nyota wao wa miaka ishirini na mitatu, "umekuja kucheza au umehamia?"

"Cheka, mwanangu. Kwetu tukiona barafu, tunaitia kwenye glasi."

"Jogoo la kusini haliwiki kwenye theluji, babu. Ukihitaji mtu wa kukusukuma kwenye kiti cha magurudumu, nipo."

Kwa wiki nne Ezell alikaa benchi na blanketi. Kila Marquel alipoishiwa pumzi, mzee aliingia, akasukumana, hakufa, akatoka. Hakumlaza mrushaji hata mmoja. Lakini Wakatambao waliendelea kushinda kidogokidogo, mpaka hesabu ikabaki nyepesi kueleweka: mechi ya mwisho nyumbani dhidi ya Fahali wa Omaha. Mshindi anaingia mtoano. Anayeshindwa anakwenda kukaanga bata.

Wiki hiyo Ezell alijifungia asubuhi zote kwenye chumba cha video, akimtazama mtu mmoja: Colt Wimmer, ukuta wa Fahali, yule ambaye angesimama mbele yake. Kijana wa miaka ishirini na minne, kilo mia moja na hamsini. Wanasema alipozaliwa wakunga walimpokea kwa toroli. Alikuwa na nguvu, alikuwa na miguu, na kasoro yake ilikuwa ndogo kama ncha ya kidole. Ezell aliipata siku ya tatu, akaruka kwenye kiti mpaka goti likalia.

Kocha wa Fahali alikuwa mtu wa kizamani, aliyewataka watu wake wainame mkono mmoja chini kabla mpira haujaanzishwa, hata iweje. Wimmer alipojua wenzake watakimbia na mpira, aliuegemea mkono ule apate kusukuma mbele, na ncha za vidole zikawa nyeupe kama punje za mahindi. Alipojua wanarusha, alikaa nyuma tayari kuzuia, mkono ukagusa tu nyasi, na vidole vikabaki vyekundu. Nyeupe, wanakimbia. Nyekundu, wanarusha. Mvamizi anayejua hilo ni sawa na mwizi aliyepewa ufunguo na kuonyeshwa chumba.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na furaha mpaka akamsalimia Marquel kwa jina.

Jumapili saa sita mchana, nyuzi ishirini chini ya sifuri, Fahali wakatoka kwenye handaki lao. Na Colt Wimmer, mtoto wa mama yake, alikuwa amevaa mikono mirefu myeusi na glovu nene za sufu na ngozi, zilizopanda mpaka nusu ya kigasha.

Ezell alihisi wiki nzima ikimporomoka ndani ya viatu.

Kilichofuata hakikuwa kizuri. Aliingia mara sita katika vipindi vitatu. Asipojua kama wanakimbia au wanarusha, alisitasita, na Wimmer hakuwa mtu ambaye unasita mbele yake. Alimlaza mzee chali, akamlaza kifudifudi, mara moja akamkunja kama mkeka na kumwacha kando ya mstari ambako mpiga picha alimwomba asogee.

"Pole, mzee," akasema Wimmer, tena kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyouma.

Zilipobaki dakika mbili, Wakatambao walikuwa na kumi na saba, Fahali kumi na tano, na mpira ulikuwa wa Fahali. Wakisogea yadi kumi tu, mpigaji wao angeupiga katikati ya nguzo wapate tatu na kuondoka na kila kitu. Hapohapo Marquel Pettway akaanguka peke yake, ameshika vigimbi vya miguu yote miwili, vimemkaza kama mawe.

Mwamuzi alisimamisha mchezo kwa yale mapumziko ya dakika mbili za mwisho. Marquel akabebwa nje. Sundby akamgeukia mtu mwenye blanketi.

"Fontenot. Dakika mbili."

"Nisife."

"Sasa hivi unaweza," alisema kocha.

Ezell alisimama. Akamwona Wimmer upande wa pili akipiga makofi kwa glovu zake, puf, puf, kama anayekung'uta godoro. Na utu uzima ni dawa: akaona la kufanya, na lilikuwa la kutisha kuliko Wimmer mwenyewe.

Akavua sweta. Akavua fulana ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaivuta mikono mirefu na kuichana kwa meno pale iliponasa. Akavaa jezi juu ya ngozi tupu, kofia ya chuma kichwani, mafuta hakupaka, muda haukuwepo. Upepo wa ziwa ulimpiga mikononi, roho ikamtoka, ikaona nje kuna baridi, ikarudi. Marquel, pale chini kwenye benchi, alisahau vigimbi vyake.

"Babu! Umerukwa na akili?"

Ezell alitembea polepole mpaka kwenye mstari, mikono ikifuka moshi.

"Wimmer!" aliita, kwa sauti ya kusikika mpaka jukwaa la tatu. "Umezichukua glovu za kutolea mkate kwenye oveni, nyumbani watautoa kwa nini? Mkate unaungua, baba!"

Wakatambao wa mstari wa mbele, mikono wazi wote, wakaangua kicheko.

"Mzee, utakufa kwa baridi," akasema Wimmer.

"Baridi ipi? Kwetu Louisiana hii ni hali ya hewa ya kuogea mtoto." Meno yalitaka kugongana, akayauma. "Mimi babu, magoti mawili ya kuazima, natoka kwenye vinamasi, nipo wazi. Wewe fahali wa Omaha unajifunika kama kikapu cha mayai. Bibi yako anajua umechukua glovu zake?"

Na hapo likatokea asiloliombea. Mwenzake Wimmer mwenyewe, jitu jingine lililosimama ubavuni mwake, mikono wazi, akasema kwa sauti ndogo, "Kweli lakini, Colt. Zinafanana na za bibi."

Ungeweza kumtukana Wimmer ukoo mzima asishtuke. Lakini kuchekwa na watu wa mstari wake! Uso ulimwiva. Akaing'ata glovu ya kulia, akaivuta kwa meno, akaitupa nyuma. Akaing'ata ya kushoto, nayo ikaruka. Akakunja ngumi mbili kubwa tupu, uwanja mzima ukamshangilia, hata wenyeji, kwa sababu desturi ni desturi.

"Haya sasa, mzee," akasema. "Tuone."

"Tuone," akasema Ezell, naye alimaanisha hivyohivyo.

Wakainama. Ezell hakumtazama machoni. Alitazama mkono uliogusa barafu. Nyeupe kama punje za mahindi.

"Wanakimbia!" akanguruma. "Huku kwangu! Wanakimbia!"

Mpira ukaanzishwa, mkimbiaji akaja huku kwake, akakuta watu wanne wanamsubiri kama wakwe. Hakusogea hata yadi. Wakainama tena. Nyeupe. Ezell akapiga kelele tena, safari hii mkimbiaji akapata yadi mbili na kuvuja damu puani. Mrushaji wa Fahali alianza kutazama huku na huku kama mtu aliyehisi anasikilizwa mlangoni.

Zikabaki sekunde thelathini na nne. Jaribio la tatu kati ya manne. Wakainama.

Vidole vya Wimmer vilikaa juu ya barafu taratibu, kama vya mtu anayegusa meza kujua imefutwa. Vyekundu. Vyekundu kama nyanya.

Ezell hakusema neno. Hilo lilikuwa lake.

Mpira ulipotikisika tu, alikwisha ondoka. Hakusita, hakupima, hakubaki na kitu cha kesho. Alipita nje ya Wimmer, akaipiga ile mikono mitupu ikateleza, akainama chini ya kwapa la jitu lile huku goti la kushoto likisema mvua na la kulia likisema daktari, naye akayaambia yote mawili nyamazeni, akatokea upande wa pili. Mbele yake palikuwa na mgongo. Mrushaji alikuwa ameinua mkono na mpira juu, akimtafuta mtu wake mbali, hana habari ya duniani.

Themanini na tisa. Ezell akamfikia wa tisini.

Alimkumbata kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaupiga mpira. Ukatoka, ukadunda kwenye barafu kiupandeupande, kama yai linalokimbia kikaango, na Mkatambao mmoja mnene wa katikati akaulalia kama kuku anayeatamia: mpira ukawa wao, na ushindi pia. Kishindo cha uwanja kilikuwa kikubwa hata barafu ya ziwa ikapasuka kutoka ufukweni hadi Wisconsin. Ukibisha, ufa bado upo kila majira ya baridi, nenda ukautazame.

Marquel alikuwa wa kwanza kumfikia, akichechemea, blanketi mkononi. Akamfunika mabegani. "Mzee," alisema, na neno babu halikusikika tena Duluth mwaka ule. "Mzee, ulijuaje?"

"Magoti yangu hutabiri," akasema Ezell.

Kocha Sundby alipita, akasimama, akafikiri. "Hukufa," alisema, na kwa Sundby hiyo ilikuwa hotuba.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata ikabidi Marquel ambonyezee simu na kumshikia sikioni.

"Mpenzi," akasema Ezell, "kuhusu ile pilipili..."

"Nimeshanunua vyungu," akasema Verna, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Ulidhani nitapandia wapi? Viatu una kazi navyo Januari."

Alipotoka kwenda kwenye basi, Colt Wimmer alikuwa amesimama kwenye theluji, mikono mifukoni, akitazama chini huku na huku.

"Mzee, samahani. Hujaona glovu zangu?"

"Zipi, mwanangu?"

"Nyeusi. Nene." Akaifukua theluji kwa ncha ya kiatu. "Na utaniambia ulionaje? Uliona kitu. Najua uliona kitu."

"Nitakuambia siku nikistaafu."

"Unastaafu lini?"

Ezell aliinua mikono miwili kumuaga, na ndani ya zile glovu nene nyeusi vidole vyake kumi vilikuwa na joto zuri, kama mkate uliotoka kwenye oveni sasa hivi.

"Kaniulize baada ya mtoano," alisema, akapanda basi.