Mbuzi wa Ukutani kwa Jabiri

Jabiri, mshona kanzu wa Temeke, alikuwa na mapenzi makubwa ya vitu vya kutundika. Ukumbi wake ulijaa mikeka mikuukuu ya rangi, kawa za ukili zilizosukwa na mabibi waliokwishatangulia mbele ya haki, na sahani za kaure za tangu enzi ya Mjerumani. Katikati ya hayo yote palikuwa na picha aliyoinunua mnadani Kurasini, Mzungu mmoja alipouza vyombo vyake arudi kwao. Haikuwa na mtu wala mti: duara jekundu, mistari ya kijani iliyopinda na madoa meupe, basi. Mkewe, Mwajabu, alishikilia kwamba hicho ni kitambaa alichofutia brashi mchoraji.

Wakati huo binti yao, Tabu, alikuwa akiposwa na Sadallah wa Kunduchi, na alikwishamwambia mama yake kwamba hamtaki mwingine. Neno la mwisho upande wa kijana lilikuwa la ami yake, Sheikh Mwinjuma, mtu mwema lakini mkali wa sheria, ambaye aliwahi kutoka katika shughuli kwa sababu ya kalenda yenye picha ya farasi, kwani hakubali picha za viumbe wenye roho. Mwajabu alimsihi mumewe aiondoe picha. Jabiri alijibu kwamba kuificha ni kukiri kosa asilolitenda.

Wageni walifika adhuhuri, pilau ya mbuzi ikinukia uani. Haikupakuliwa, kwani katika ukoo wa Jabiri mwenye kuja kuposa hali chakula mpaka pande zote zimeridhiana. Mkubwa wao akishakula, posa imepita na harudi nyuma.

Sheikh hakuketi. Aliitazama picha, akauliza kama ina kiumbe mwenye roho. Jabiri akaapa kwamba hakuna. Hapo mshenga, Mwishehe, aliyesafiri tangu alfajiri bila hata chai, akasogea karibu.

"Mbona mbuzi huyu hapa," alisema. "Pembe hizi. Na jicho lake lile."

Nyuma ya pazia Tabu alishika kinywa. Jabiri aliitazama picha aliyoipenda miaka mitatu, kisha akanyanyua mikono aishushe, kwa kuwa alimpenda mwanawe zaidi.

"Iache kwanza," alisema Sheikh, akimgeukia mshenga. "Wewe umekula nini leo?"

"Sijala kitu, Shekhe."

"Nami nasikia harufu ya mbuzi tangu mlangoni. Mwenye njaa si shahidi. Mama, mlishe huyu, kisha tumuulize tena."

Mwajabu alileta sinia kubwa kuliko la mtu mmoja, akaliweka baina ya wanaume. Mwishehe alikula kwa bidii. Sheikh, akingojea ushahidi, aliketi, akapiga bismillahi akaonja tonge, akafuatisha la pili. Mshenga aliposhiba aliulizwa anaona nini ukutani.

"Mto," alisema, akipiga mwayo. "Mto mzuri wa kulalia."

Watu wakacheka. Sheikh akahukumu kwamba kiumbe anayetoweka kwa pilau hakuwa kiumbe, na picha ibaki.

"Alhamdulillahi," alisema Mwajabu kwa adabu. "Na Shekhe mmekwishakula kwetu."

Sheikh Mwinjuma aliutazama mfupa mkononi mwake, akamtazama mama yule aliyeinamisha macho chini. Mabega ya Sheikh yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Basi niletee na achari, mkwe," alisema, "halafu tupange siku."