Onja Kwanza

Isaka aliteremka kutoka kwenye mchikichi, akaiacha mikungu ya chikichi imelala majanini, akashika njia ya sokoni kutafuta chaji. Umeme Rumonge ulikuwa umekatika tangu Jumapili. Kibanda cha kuchaji simu kilifungwa, jenereta haina mafuta.

Na leo ndiyo siku ya somo la mwisho. Alipoanguka mtini akiwa amelewa, muuguzi alimwingiza kwenye matibabu ya ulevi ya mtandaoni. Kila Jumatano mwanasaikolojia wa Bujumbura, Chanceline, alimfundisha kwenye simu namna ya kulikamata lile wazo la "moja tu" kabla halijamfikisha kwenye chupa. Miezi mitatu sasa hajalamba tone. Mkewe Kezia, aliyekimbilia kwao Nyanza-Lac na watoto, alisema atapiga simu jioni baada ya somo. Akimkuta mzima, hajalewa, kesho atapanda gari arudi. Akikuta simu imezimwa, basi. Zamani simu ya Isaka ikizimwa maana yake ilikuwa moja: yuko anakunywa.

Umeme wa jua ulikuwa mahali pamoja tu, kwenye buvette, kilabu cha pombe cha Nduwimana. Cheka ukitaka, Isaka hakucheka.

Nduwimana alimwambia waya wa kuchajia ni wa wanaokunywa. Isaka akaomba Fanta. Fanta haijafika tangu mwezi jana, akajibiwa, iko bia tu. Kabla hajasema neno, chupa ilishafunguliwa mbele ya macho yake, kama inavyofanywa ili mtu asihofie sumu. Chupa iliyofunguliwa hairudishwi.

Isaka akachomeka simu. Chanceline alipotokea kwenye kioo cha simu, aliiona ile chupa. Akamwambia kwa upole atoke hapo kwanza, ndipo waendelee.

"Madame, betri ilikufa. Nikichomoa waya, simu inazima. Huku umeme iko kwa pombe tu."

Chanceline akaitazama tena ile chupa. "Basi iondoe mbele yako. Mupe mutu."

Isaka akaisukuma kwa mzee Venanti, jirani yake wa meza. Kwa haraka zake akasahau jambo ambalo hata mtoto wa Rumonge analijua: anayetoa bia huonja kwanza.

Mzee hakuigusa. "Onja kwanza, mwanangu."

"Siwezi, muzee. Niko kwa dawa."

"Kumbe unanipa kitu wewe mwenyewe unaogopa?"

Buvette nzima ikageuka kumtazama. Isaka alijieleza, lakini nani aliwahi kusikia dawa ya ulevi inayokaa kwenye simu? Neno sumu lilishaanza kunong'onwa. Nduwimana akaja, akamwambia apige funda moja tu yaishe, asimharibie biashara. Moja tu! Wazo lilelile, leo limekuja kwa miguu yake. Na Isaka aliitaka ile bia, aliitaka sana, na aliwachukia wote kwa jinsi walivyokuwa wakingoja.

Akaishika chupa, akaimwaga yote sakafuni.

Nduwimana alichomoa waya. Chanceline alikuwa bado anaongea kioo kilipogeuka cheusi.

Nje, Isaka alijaribu kuazima simu kwa kila aliyemjua, lakini habari za sumu zilishamtangulia, na hakuna aliyetaka kupokea kitu mkononi mwake wala kumpa. Akarudi nyumbani suruali ikinuka bia, akaketi mlangoni, mzima kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Jioni ilipoingia, alijua Kezia anapiga. Alijua sauti ya mtandao inamwambia nini, na alijua ataamini nini.