Kaimu wa Chumba cha Kufulia

…ameshika ncha zake mbili za shuka, msimamizi ameshika zake mbili, wanavuta, shuka linanyooka, "mtoto halali, mdogo wangu, anakesha kama mlinzi," anasema msimamizi, leo ndiyo anarudi kazini tangu ajifungue, uso umemnawiri, naye wa upande wa pili wa shuka anacheka panapostahili kucheka, anasema pole dada, mwili uko hapa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, moyo umebaki jana, jana alikuwa bado kaimu, jana walikuwa wakimwuliza yeye, dada, doa hili la mvinyo tulifanyeje, dada, mama anaumwa, naomba niwahi kutoka, yeye aliyeupokea ukaimu kwa kumwambia meneja atajaribu, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, halafu siku ile mashine kubwa ikazima, harusi imejaa ukumbini, mataulo yote majimaji, wenzake wote wakamkodolea macho, akasikia sauti ikisema nyie wawili beseni, nyie pasi, mimi napanda juu kuwaambia ukweli kabla hawajauliza, nusura ageuke aone nani kasema… "unanisikia lakini?" "Nakusikia, dada," wanakunja, wanasogeleana, vidole vinagusana, wanashika shuka jingine, na Mrefu je, shoga yake wa kwenye pasi, bingwa wa kuchelewa, mwanzoni alimfumbia macho kwa ajili ya urafiki, mpaka wengine wakaanza kununa, ikabidi amwite kando, na Mrefu akamjibu, "Kumbe cheo kinambadilisha mtu," siku hiyo wakala chakula cha mchana kila mmoja na ukuta wake, jioni akalia bafuni, maji yakimwagika ili mumewe asisikie, na hata machungu hayo, ajabu, hata hayo anayatamani sasa, maana baadaye Mrefu alianza kuwahi, akaja akijikohoza, "ulinisema vizuri, hukuniaibisha mbele za watu," loo, alirudi nyumbani siku ile hajui kama anatembea au anaelea… "asante kwa kunishikia nafasi," anasema msimamizi, kunishikia, neno halina ubaya wowote, mbona linachoma, na huyu ni mtu mwema, ndiye aliyemfundisha kazi, amwonee wivu kwa lipi, kiti chake hakitaki, basi anataka nini, na hapo Mrefu anapaza sauti, "Jamani, tuanze na yapi?" midomo miwili inafunguka pamoja, anauwahi wake, anaufumba, "Mataulo," anajibu msimamizi, ndiyo, mataulo, hata yeye angesema hivyo, jibu limemkaa ulimini halina pa kwenda, na uzito wake unamwambia kitu ambacho hajawahi kujiambia, nataka, nataka kuongoza watu, hapa au kwingine, na leo hii atapanda kwa meneja, aseme nafasi ikitokea unifikirie, na meneja akiuliza kwa nini, atasema kwa sababu kuna wakati watu hawajui wafanyeje, nami sijui, wananitazama, na hapohapo tunaanza kutafuta, hakuna pengine ninapojisikia mzima kama hapo, acha meneja acheke, acha akatae, atakuwa amesema… "na akibebwa na baba yake ndiyo kilio kinazidi," anasema msimamizi, wanavuta, shuka linanyooka katikati yao.